Tununue Kazi, Tusinunue Maandishi ya Kasha

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Kipya kilichotushika akili siku hizi, hasa sisi wakazi wa mijini, ni mashine za ufundi zitumiazo betri: keekee za kutobolea kuta, bisibisi zinazojizungusha zenyewe, misumeno ya mbao na grainda za kukatia vyuma. Zamani vifaa vya aina hii vilionekana mikononi mwa mafundi wa makampuni makubwa pekee. Leo vimepangwa madirishani mwa maduka ya Luthuli na River Road jijini Nairobi, vinaagizwa kwa simu, na mwalimu aliyepokea mshahara mwisho wa mwezi aweza kurejea nyumbani na kasha kwapani, akiwa na azma ya kujifanyia kazi ambazo hadi jana alimwitia fundi.

Azma hiyo ni njema. Taifa ambalo watu wake wanajua kutundika rafu, kukaza bawaba ya mlango na kurekebisha meza iliyolegea miguu ni taifa linalojitegemea katika mambo madogo, na mambo madogo ndiyo mwanzo wa makubwa. Lakini azma njema haitoshi. Swali ninalotaka tujiulize leo ni hili: tunapoingia dukani kuchagua mashine ya betri, je, huwa tunachagua mashine, au tunachagua maandishi yaliyo juu ya kasha?

Mimi mwenyewe ni shahidi katika kesi hii, na ushahidi wangu ni wa aibu. Katika likizo ya Agosti iliyopita nilinuia kutundika rafu ya vitabu chumbani mwa binti yangu. Katika duka nisilotaka kulitaja nilionyeshwa keekee mbili. Ya kwanza ilikuwa katika kasha la kijivu lisilovutia, limeandikwa 18V. Ya pili ilikuwa katika kasha la rangi ya machungwa, limeandikwa 88VF kwa tarakimu kubwa kama kiganja, na bei yake ilikaribia nusu ya bei ya ile ya kwanza. Muuzaji akaniuliza swali ambalo mtu wa isimu kama mimi ningalipaswa kulishuku papo hapo: "Mwalimu, kati ya kumi na nane na themanini na nane, kubwa ni ipi?" Nikacheka. Nikalipa.

Nyumbani, mashine ilitoboa mbao kama kisu kinavyopita kwenye papai. Ilipofika ukutani, kwenye yale mawe tujengeayo nyumba zetu, ilizunguka, ikalia, ikaanza kunuka moshi, na tundu lenyewe halikuzidi urefu wa ukucha. Siku iliyofuata nilimpelekea fundi mmoja wa mtaani kwetu. Aliifungua betri, akahesabu kwa kidole: seli tano. "Mwalimu," akaniambia kwa upole, "hii ni ya skrubu, si ya mawe. Na hizo themanini na nane sijui zimejificha wapi."

Hebu basi tuzitafute. Betri nyingi za mashine hizi hutengenezwa kwa seli za lithiamu zenye umbo la mviringo, ambazo aghalabu zina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kila seli ya namna hiyo ina volti 3.6 za kawaida, yaani kiwango inachokizungukia muda mwingi inapofanya kazi. Inapokuwa imejaa kabisa, kabla haijaanza kazi, hufikia volti 4.2. Seli tano zikiunganishwa kwa mfuatano, mara 5 kwa 3.6 tunapata volti 18. Mara 5 kwa 4.2 tunapata volti 21. Hakuna muujiza wala mazingaombwe yatakayozifanya seli tano za aina hiyo zitoe volti 88. Ili kuzifikia volti hizo mtu angehitaji takriban seli 24. Na maadam seli moja ya ukubwa huo ina uzito wa takriban gramu 45, betri hiyo ingepita kilo 1 hata kabla ya kuwekewa gamba la plastiki. Betri yangu niliweza kuirusha na kuidaka kama embe.

Hapa ndipo somo la umeme linapogeuka kuwa somo la lugha, na ndiyo sababu nimethubutu kulishika kalamu. Mwanafalsafa wa lugha H. P. Grice, katika makala yake mashuhuri iliyochapishwa mwaka 1975, alieleza kwamba mazungumzo huwezekana kwa sababu wanaozungumza wanashirikiana: msikilizaji huchukulia kwamba anayoambiwa ni kweli, yanatosha, yanahusika na yako wazi. Kasha la bidhaa nalo ni msemaji. Nasi tunalisikiliza kwa imani ile ile tunayompa jirani anayetujulisha kwamba kuna mvua nje.

Makasha yanasema kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni ukweli mtupu: 18V. Namna ya pili ni ukweli uliovalishwa koti: 20V MAX. Kampuni ya DeWalt, mathalani, huuza mashine zake za seli tano huko Marekani kwa jina la 20V MAX, ilhali Ulaya mashine za aina hiyo hiyo huuzwa kwa jina la 18V. Si mashine mbili. Ni majina mawili. Jina moja linataja kiwango cha betri iliyojaa na isiyobebeshwa kazi, jingine linataja kiwango cha betri iliyo kazini. Kampuni ya Bosch nayo iliwahi kuuza Ulaya mashine za volti 10.8 ambazo baadaye ziliitwa za volti 12, na idadi ya seli ilibaki ile ile tatu. Namna hii ya pili si uongo, kwa kuwa neno MAX limewekwa pale liwe shahidi. Lakini mnunuzi anayedhani kwamba 20 inaishinda 18 amejidanganya kwa msaada wa kasha.

Namna ya tatu ndiyo iliyonikumba: 48VF, 88VF, 98VF na nyinginezo zinazopanda kila mwaka kama bei ya unga. Macho ya msomaji huona tarakimu, huona herufi V, na akili humalizia: volti. Ile F iliyobandikwa nyuma huonekana kama pambo, kumbe ndiyo mlango wa kutorokea. Akiulizwa, mwenye bidhaa aweza kujibu kwamba hakutaja volti popote, kwani VF si kipimo cha volti. Huu ni uongo uliojengwa kwa ustadi wa kisarufi, na anayeumia ni yule aliyesikiliza kwa nia njema.

Yamkini msomaji atauliza: je, hatuna sheria? Tunazo, tena nzuri. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua, na haki ya kulindwa afya, usalama na masilahi yake ya kiuchumi. Ipo Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka 2012. Ipo pia sheria inayokataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, Sura ya 505 ya Sheria za Kenya. Lakini sheria haitembei yenyewe madukani. Na haki ya kupata habari ni haki kavu iwapo habari yenyewe imeandikwa kwa tarakimu zisizo na maana, au katika kijitabu cha maelezo chenye lugha ambazo mnunuzi hazijui, ilhali Kiswahili, lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7, hakimo hata kwa sentensi moja inayosema: usichaji betri hii ukiwa umelala.

Jambo hili lingekuwa dogo lau lingeishia kwenye rafu ya binti yangu. Haliishii hapo. Mnamo Januari 2026 kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi liliingia Gredi ya 10 katika shule za sekondari pevu, ambako masomo ya ufundi wa mbao, wa vyuma na wa ujenzi yamo miongoni mwa yale ambayo mwanafunzi aweza kuyachagua. Kwa hivyo shule zitanunua vifaa, na wazazi watachangia. Sisi tuliosoma shule ya msingi chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 tunakumbuka somo la Sanaa na Ufundi: tulichonga miko na mipini ya majembe, na wazazi wetu walichanga ili karakana zijengwe. Wakati masomo hayo yalipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuna karakana zilizogeuka stoo za madawati mabovu. Itakuwa msiba iwapo safari hii fedha za wazazi zitanunua tarakimu za 88 na 98, halafu mashine zikafia mikononi mwa wanafunzi kabla muhula haujaisha. Mwanafunzi ambaye chombo kimemkatalia mara tatu hahitimishi kwamba chombo ni kibovu. Huhitimisha kwamba yeye si fundi.

Basi mashine ya betri ichaguliwe vipi? Jibu la kwanza latoka mbali, mwezini. Keekee ya betri ilitolewa na kampuni ya Black & Decker mwaka 1961, na kampuni ya Makita ya Ujapani ikatoa yake ya kwanza mwaka 1969. Mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15 walibeba keekee ya betri iliyoundwa makusudi kwa safari ile. Walikusudia kutoboa kina cha takriban mita 3. Hawakukifikia, kwa kuwa vyuma vya kutobolea vilikwama katika udongo ulioshikamana kuliko ilivyotarajiwa. Kabla ya safari ya Apollo 16 mwaka 1972, kilichorekebishwa ni umbo la vyuma vile vya kutobolea. Funzo ni kwamba kazi huamua kifaa. Kifaa hakiamui kazi.

Kwa hivyo anza na ukuta wako, usianze na duka. Iwapo kazi zako ni kukaza skrubu, kuunganisha kabati na kutoboa mbao, mashine ndogo ya seli tatu, ile iitwayo ya volti 12, yatosha na haitakuchosha mkono. Iwapo ukuta wako ni wa mawe au matofali, tafuta keekee ya seli tano iliyo na uwezo wa kugonga huku ikizunguka, pamoja na biti maalumu ya ukutani yenye ncha ngumu ya kabaidi. Biti ya mbao haitoboi jiwe hata ikisukumwa na trekta. Na iwapo unakusudia kutoboa nguzo au linta ya zege, keekee ya kawaida itakutesa; kazi hiyo yataka mashine ya nyundo iliyoundwa kwa ajili ya zege.

Jambo la pili ni betri. Kununua mashine ya betri ni kama kufunga ndoa, kwani betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika mashine ya kampuni nyingine. Ukinunua keekee leo, kesho utahitaji msumeno, na utautaka utumie betri uliyo nayo. Makampuni yanalijua hilo, ndiyo maana huuza pia mashine tupu, bila betri wala chaja, kwa bei ya chini. Kabla hujatia sahihi cheti cha ndoa, uliza: je, betri za aina hii zinapatikana peke yake hapa nchini? Bei yake ni ngapi? Mashine ambayo betri yake haiuzwi popote ni mashine ya miaka michache tu, kwa sababu seli za lithiamu huzeeka hata zikiwekwa kabatini bila kutumiwa.

Jambo la tatu ni kujua betri ina akiba gani ya nguvu. Usitazame volti peke yake. Zidisha volti kwa ampea-saa, zile zinazoandikwa Ah, upate wati-saa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2 ina wati-saa 36. Yenye ampea-saa 4 ina wati-saa 72. Hesabu hii ni ya kiwango cha shule ya msingi, na ndiyo itakayokuwezesha kulinganisha makasha mawili kwa haki. Ukiambiwa kwamba betri ina ampea-saa 6 nayo ni nyepesi kama kikombe kitupu, irudishe mezani. Mkono wako ni mizani ambayo hakuna kasha liwezalo kuihonga.

La nne ni nguvu ya kuzungusha, ambayo hupimwa kwa nyutoni-mita na kuandikwa Nm. Hiyo ndiyo inayokaza skrubu. Kwa kazi za nyumbani, keekee ya seli tano yenye nyutoni-mita 40 hadi 60 ni ya kutosha kabisa. La tano ni mota. Zipo mota zenye brashi za kaboni zinazolika na kubadilishwa, na zipo zisizo na brashi, ambazo hutumia umeme kwa uangalifu zaidi na hudumu zaidi, lakini bei yake iko juu. Fundi anayetoboa kutwa kucha atapata faida kwa zile zisizo na brashi. Mwalimu anayetoboa mara nne kwa mwaka ana haki ya kuzihifadhi fedha zake.

La sita ni swali ambalo muuzaji hatakuuliza kamwe: je, unahitaji betri kwa kweli? Kama nyumba yako ina umeme na kazi zako ni chache, keekee ya waya aghalabu hutoa nguvu kubwa zaidi kwa bei ile ile, na haina betri ya kuzeeka. Sifa ya betri ni uhuru: juu ya ngazi, shambani, mahali ambapo stima haijafika au imepotea. Na kama kazi yenyewe ni rafu moja tu, jirani aweza kukuazima, na fundi wa mtaani bado anakula kwa jasho lake. Hakuna aibu kumwita.

Hatimaye, usalama. Betri ya lithiamu iliyochajiwa kwa chaja isiyo yake, au iliyovimba, au iliyochubuka, yaweza kuwaka moto. Chaji mchana, ukiwa macho, juu ya sakafu ngumu, mbali na godoro na mapazia. Vaa miwani ya kukinga macho. Na kabla ya kutoboa ukuta, kumbuka kwamba nyaya za umeme hupitishwa ndani yake, hasa juu na chini ya swichi na soketi.

Wapo watakaonijibu kwamba ni rahisi kwa mhadhiri kuhubiri dhidi ya vitu vya bei nafuu, ilhali kijana wa jua kali huanza na kile anachokimudu. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini sijasema neno lolote dhidi ya unafuu. Mashine yangu ya rangi ya machungwa ingali nayo nyumbani, na inakaza skrubu vizuri mno. Lau kasha lake lingeandikwa kwa unyofu kwamba ni ya seli tano, ya volti 18, ya mbao na skrubu, ningaliinunua kwa bei ile ile, ningaliitumia ipasavyo, na nisingekuwa na kesi naye yeyote. Kasoro haikuwa katika chuma. Ilikuwa katika neno. Maskini ndiye anayehitaji neno la kweli kuliko tajiri, kwa maana tajiri akidanganywa hununua nyingine; maskini akidanganywa hurudi kutumia mikono mitupu.

Kwa walimu wenzangu, nina ombi moja jepesi. Leteni makasha matupu darasani. Mwalimu wa sayansi awape wanafunzi volti na ampea-saa wazizidishe. Mwalimu wa Kiswahili awaulize: tarakimu hii inadai nini, na imeacha kusema nini? Nanyi wanafunzi, siku mtakapotumwa dukani, msikubali kuulizwa kati ya 18 na 88 kubwa ni ipi. Muulizeni muuzaji: ina seli ngapi? Akiwa na jibu, mna mahali pa kuanzia. Akikosa jibu, inueni betri kwa mkono na kuipima. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kuuliza si ujinga.

Rafu ya binti yangu, kwa wale watakaotaka kujua, imekwisha kutundikwa. Ilitundikwa na fundi yule aliyezihesabu seli, kwa keekee kuukuu ya waya isiyokuwa na tarakimu yoyote juu yake, kwani zote zilikuwa zimefutika kwa kazi.